Daftari la Mosoriot na Warithi Wake

Mchumaji chai wa Kericho hupimwa kila siku. Majani yakishamwagwa kwenye mfuko, mfuko unaning'inizwa kwenye mizani, karani anaandika kilo, na mwisho wa mwezi kilo hizo ndizo mshahara. Ni rekodi ya biashara, haikuwekwa kwa ajili ya daktari. Hata hivyo, mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha uchunguzi uliotokana na kumbukumbu za namna hiyo katika shamba moja kubwa la chai magharibi mwa Kenya. Walilinganisha wachumaji waliokufa au kustaafishwa kwa sababu ya UKIMWI na wenzao waliobaki kazini. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho, wagonjwa walikuwa wakichuma kati ya kilo 4.11 na 7.93 pungufu kwa siku. Ugonjwa ulikuwa umeandikwa katika daftari la mizani muda mrefu kabla ya wenyewe kuacha kazi. Ni kwamba tu hakukuwa na mtu wa kuusoma.

Na ugonjwa huo haukuwa mgeni Kericho. Utafiti ulioanza mwaka 2003 chini ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na mradi wa utafiti wa Walter Reed uliwaandikisha watu wazima 2,801 wanaoishi kwenye mashamba ya chai, wafanyakazi pamoja na jamaa zao. Asilimia 14.3 walikutwa na VVU. Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kupatikana kwa wingi miaka hiyo, hospitali za eneo lote, kuanzia ya Kericho yenyewe, Kapkatet na Longisa hadi Tenwek ya wamisionari, iliyokuwa ikihudumia Bomet tangu 1937, zilijikuta na mgonjwa wa aina mpya. Mgonjwa wa malaria hupona na faili yake ikafungwa. Huyu hurudi kila mwezi maisha yake yote, na kila anaporudi daktari anahitaji kujua alipewa nini mara ya mwisho, kinga yake ilikuwaje, na kama kuna miadi aliyoikosa.

Jibu la shida hiyo lilikuwa limeanza kutafutwa kaskazini kidogo, katika zahanati ya mashambani.

Mosoriot iko Nandi, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet, kilomita zipatazo 25 kutoka Eldoret. Kituo chake cha afya kilikuwa kama vingine vyote: kila idara na daftari lake kubwa, na mgonjwa na kitabu chake cha mazoezi alichokinunua dukani, ambacho kikinyeshewa mvua basi historia yake yote imekwenda na maji. Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana tangu kitivo chake cha tiba kilipoanzishwa Eldoret mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2001 ushirikiano huo ulizaa mfumo wa rekodi za wagonjwa wa Mosoriot, uliojulikana kwa herufi MMRS. Ulikuwa mdogo: kompyuta chache, hifadhidata ya Microsoft Access, fomu moja ya karatasi inayojazwa na mhudumu kisha karani akaiingiza.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la chama cha Marekani cha tiba na kompyuta, mwandishi wa kwanza akiwa J. K. Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi, na William Tierney wa Indiana miongoni mwa wenzake. Muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda aliokaa mbele ya mhudumu ulipungua kwa asilimia 58, na wa kungoja kwenye foleni kwa asilimia 38. Takwimu hizo zimesifiwa sana tangu hapo. Ile ya 58 inastahili kutazamwa mara mbili, kwa sababu kumpunguzia mgonjwa dakika za kusikilizwa si lazima kuwe heri, na pengine dakika hizo zilikuwa zikiliwa na kuandika jambo lilelile katika madaftari matatu. Lakini hakuna aliyeweza kubisha tena kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi katika zahanati ya kijijini Kenya, umeme ukikatika na kurudi.

Tatizo la MMRS lilikuwa mafanikio yake. Mwaka huohuo wa 2001 Moi na Indiana walianzisha mpango wa kutibu UKIMWI uitwao AMPATH, na idadi ya wagonjwa ikaongezeka kuliko mfumo ule ulivyoweza kubeba. Kila swali jipya la daktari lilimaanisha kubomoa jedwali na kulijenga upya, na waliojua jedwali hilo limejengwaje walikuwa watu wa kuhesabika kwa vidole.

Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis walifika Eldoret kutazama namna ya kuupanua. Waliona kwamba haupanuliki. Walichofanya badala yake ni hiki: walichora muundo mpya kuanzia chini, wakaupa leseni huria ili yeyote auchukue, na wakatafuta wenzao waliokuwa na shida hiyohiyo kwingineko. Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, lililokuwa na kazi Haiti na Rwanda, aliingia. Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini akaingia pia. Februari 2006 mfumo huo, sasa ukiitwa OpenMRS, ulianza kazi Eldoret na rekodi za zamani zikahamishiwa humo. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umewashwa Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda.

Siri ya muundo ule ilikuwa kitu wanachokiita kamusi ya dhana. Katika mfumo wa kawaida, swali kama "mgonjwa anakohoa?" huwa safu katika jedwali, na kuongeza swali ni kazi ya mprogramu. Katika OpenMRS swali lenyewe ni data. Afisa wa rekodi anaweza kuongeza dhana mpya, akaipa jina na aina ya jibu, na fomu ikaitumia kesho yake bila mstari mmoja wa msimbo kuguswa. Kwa maneno mengine, nguvu ilihamishwa kutoka kwa mwandishi wa programu hadi kwa mtumiaji. Wakati mradi wa Vijiji vya Milenia ulipofanya kazi Sauri, Siaya, na katika vijiji vingine barani, kamusi yake iliyotunzwa na Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia iliachwa wazi, na leo vituo vingi vya OpenMRS huanza nayo badala ya kutunga upya maneno ya malaria na uzazi.

Kwa kumhudumia mtumiaji namna hii, jumuiya ya OpenMRS ilitofautiana na makundi mengine ya programu huria ya wakati wake. Na makundi hayo hayakuwa haba.

Mwaka 2003 uliundwa mfuko wa programu huria wa Afrika, FOSSFA, na Mkenya Bildad Kagai akawa miongoni mwa waliousukuma tangu siku za mwanzo. Mkutano wake mkubwa wa pili, Idlelo, ulifanyika Nairobi Februari 2006, mwezi uleule OpenMRS ilipowashwa Eldoret. Dar es Salaam kulikuwa na Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika kutoka Sweden, uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Nairobi kulikuwa na kundi la watumiaji wa GNU/Linux. Kila Septemba, katika Siku ya Programu Huria, vijana walikusanyika na kompyuta zao wakisaidiana kusimika mfumo ambao mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, aliuanza mwaka 1991.

Makundi hayo yalifanya kazi ambayo leo imesahaulika. Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, na kupakua mfumo mzima wa uendeshaji katika saiba ya Kericho kungegharimu fedha nyingi. Kwa hiyo CD ndiyo iliyokuwa barabara. Kati ya 2005 na 2011 kampuni ya Ubuntu ilituma CD bure kwa posta popote duniani, na mtu mmoja mwenye sanduku la posta aliweza kuwalisha wenzake ishirini. Kundi lilikuwa mahali pa kunakili CD, na pa kumpata mtu aliyewahi kukwama palepale ulipokwama wewe.

Kisha kebo ya intaneti ya baharini, TEAMS, ikafika Mombasa Juni 2009, SEACOM ikafuata Julai, na sababu ya kukutana ikapungua. Majibu yote yakawa mtandaoni. Usimikaji ukawa rahisi. Makundi ya vyuoni yalikuwa na ugonjwa wao wa ziada: kiongozi huhitimu kila baada ya miaka minne, na akiondoka na funguo za kundi kichwani mwake, wanaobaki huanza upya na nembo mpya na shauku mpya hadi mhitimu mwingine aondoke. Wengi hueleza kufifia huku kama upungufu wa moyo wa kujitolea. Maelezo hayo hayatoshi. Kundi lililoishi kwa sababu ya uhaba wa intaneti lilikufa uhaba ulipokwisha, kama ilivyostahili. OpenMRS haikufa kwa sababu karani wa kliniki alikuwa akingoja Jumatatu asubuhi, na seva isipowaka foleni ingefika barabarani.

Lakini hata makundi yaliyozimika hayakuondoka na mali yao. Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, ng'ambo ya msitu wa Mau kutoka Kericho, ndiko alikofundisha Jason Githeko, aliyeandaa orodha ya maneno ya Kiswahili ya kukagua tahajia mwaka 2004. OpenOffice, iliyokusudiwa kuitumia, ilipasuka mwaka 2010 na watu wake wengi wakahamia LibreOffice. Orodha ya Githeko ilihama nao, kwa sababu leseni yake iliruhusu, na anayeandika Kiswahili katika LibreOffice leo angali akisahihishwa nayo. Vivyo hivyo kwa Kikalenjin. Mtandao wa ANLoc, ulioongozwa na Dwayne Bailey wa Afrika Kusini, ulijiwekea lengo la kuingiza lugha 100 za Afrika katika hazina ya kimataifa ambayo programu hutoa humo majina ya siku, miezi na fedha. Mtandao ule umemaliza kazi yake zamani. Kikalenjin kimo katika hazina hiyo hadi sasa, na mfumo unaosoma hazina hiyo ukitakiwa kuandika Septemba kwa Kikalenjin utaandika Bureet.

Watu wa Kericho wana mfano wao wa kazi inayodumu kuliko taasisi iliyoianzisha, na hauhusiani na kompyuta hata kidogo. Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1951 na kuwa na makao Timbilil, nje ya mji, ikihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi ilipoteza mwenyewe. Ilifufuliwa mwaka 1980 kama wakfu wa utafiti wa chai wa Kenya, na baadaye ikawekwa chini ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo, KALRO. Katika misukosuko yote hiyo michai haikungoja uamuzi wa mawaziri. Aina iitwayo 6/8 ilikuwa imekwisha kutoka vitaluni kwenda mashambani, na mkulima aliyekata vijiti akamgawia jirani aliendelea kugawa. Wafufuaji walikuta kitalu, kumbukumbu za majaribio na mashamba yaliyojaa kazi ya watangulizi wao, na kutoka hapo ukaja hata mchai wa zambarau, 306, uliozinduliwa 2011.

Kuenea kwa OpenMRS nchini Kenya kulifuata njia ya namna hiyo. Mwaka 2010 Wizara ya Afya ilitoa viwango vya mifumo ya rekodi za kielektroniki, kwa sababu kila mfadhili alikuwa akileta mfumo wake na hakuna uliozungumza na mwenzake. Kutokana na msukumo huo I-TECH, kituo cha Chuo Kikuu cha Washington, kilichukua OpenMRS na mwaka 2012 kikaanza kusambaza toleo la Kenya, KenyaEMR, lenye fomu za serikali ndani yake. Katika miaka michache lilikuwa katika mamia ya vituo. Kadi ya mgonjwa wa VVU, MOH 257, ambayo wahudumu waliizoea kwa rangi yake ya buluu, ilikuwa sasa kwenye skrini. Wizara ilipobadilisha kadi ikawa ya kijani, mfumo nao ukabadilishwa. Kazi ya kuandika fomu ya kila mwezi ya MOH 731, iliyokuwa ikiwakesha maafisa wa rekodi wakihesabu vijistari kwa kalamu, ikawa ripoti inayochapwa na mashine. Wakati huohuo takwimu za jumla za nchi zilikuwa zimehamia DHIS2, mfumo huria wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliutandaza nchi nzima mwaka 2011.

Kitu kingine kilibadilika bila kupigiwa tarumbeta: waandishi wa KenyaEMR walikuwa zaidi na zaidi Wakenya. Kutoka katika uzoefu wa Eldoret ilizaliwa pia mUzima, programu ya simu inayomwezesha mhudumu kuchukua rekodi mahali pasipo na mtandao na kuzirudisha kwenye OpenMRS anapoufikia. Nyuma yake alikuwapo Martin Were, daktari mzaliwa wa Kenya. Jumuiya ya dunia ilipofanya mkutano wake wa mwaka Nairobi, Desemba 2018, ilikuwa kama mjukuu kurudi kwa nyanya. Kufikia wakati huo Uganda, Msumbiji, Nigeria na Haiti zilikuwa na matoleo yao ya kitaifa.

Historia ya kuadhimisha hupenda kuishia hapo, kwenye makofi. Lakini Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. KenyaEMR ilikuwa imejengwa na kutunzwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za Marekani, na wengi wa waliojua undani wake walilipwa na miradi iliyosimama. Udhaifu wa MMRS ulikuwa umerudi kwa sura nyingine: mfumo wa nchi nzima ulitegemea watu wachache wa kuhesabika, safari hii kwa sababu ya mikataba. Jumuiya ilikuwa imejivunia uhuru wa msimbo, na haikufikiria vya kutosha nani atalipa mshahara wa mwenye kuusoma. Hili ni kosa la wafadhili, lakini ni la jumuiya pia.

Leseni ilifanya kazi yake. Hakuna kampuni iliyoweza kuizima KenyaEMR kwa kuondoka, na kaunti haidaiwi ada ya kuendelea kuitumia. Kinachohitajika sasa katika kaunti kama Kericho na Bomet ni kile kile ambacho makundi ya CD yalikuwa nacho bila kukithamini, yaani watu wa karibu wanaojuana, ambao mmoja akikwama na seva saa nne asubuhi anajua ampigie nani. Tofauti ni kwamba safari hii kundi lina kazi inayolisubiri.

Na wa kulifufua hawako mbali. Kabianga, ambako serikali ya kikoloni ilifungua shule mwaka 1925, ilifanywa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kupata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet nacho ni mtoto wa Moi, tangu 2017. Na Moi ndicho chuo kilekile kilichoweka kompyuta Mosoriot. Mwanafunzi wa kompyuta wa vyuo hivyo viwili, kwa hiyo, anarithi kazi hii kutoka kwenye ukoo wake mwenyewe, na hospitali ya kufanyia mazoezi iko umbali wa matatu moja.

Mlango wa kuingilia unajulikana. OpenMRS huwapanga wachangiaji wake kwa ngazi, na mgeni huanzia ile iitwayo /dev/null, mzaha wa watu wa Linux unaomaanisha shimo lisilo na kitu, kisha hupanda hadi /dev/5. Kazi za wanaoanza huwekewa alama maalumu ili wakongwe wasizimalize. Tangu 2007 jumuiya imekuwa ikipokea wanafunzi kupitia mpango wa Google wa kulipa vijana kuandika programu huria wakati wa likizo, na baadhi yao wamebaki wakawa walezi wa wengine. Asiyejua kuandika programu anaweza kuanza na tafsiri, inayofanyika kwenye jukwaa la Transifex, ambako kila neno la skrini limewekwa na nafasi ya lugha nyingine pembeni yake. Majina ya miezi ya Kikalenjin yako tayari. "Mgonjwa mpya," "miadi ijayo" na "dawa alizopewa" zinaweza kutafsiriwa na mwanafunzi wa Bomet akishirikiana na muuguzi, kwenye meza ya kantini.